Mita Sitini Kutoka Ukingo Upi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Amri hiyo ni njema. Lakini ofisa atakayekwenda kusimika bikoni kando ya ziwa na vinamasi vya Kitangari, wilayani Newala, hana budi kujiuliza kwanza: anapima kutoka ukingo upi?

Juu ya Uwanda wa Makonde hakuna mito. Mvua huzama mchangani na kutokeza mabondeni. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alikuta watu wakiteremka mbali kufuata maji. Mradi wa maji ulioanzishwa katika miaka ya 1950 ndio uliokuja kuyapandisha kwa mitambo kutoka Mitema, katika bonde hilo la Kitangari. Masasi nayo hutegemea chemchemi za Mbwinji. Ndugu zetu wa Unguja wanalielewa jambo hili, kwani tangu enzi ya Seyyid Barghash mji wao umekunywa maji ya Bububu.

Idara ya Uingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoundwa mwaka 1946, ilichora Tanganyika kwa picha za ndege, kwa kipimo cha 1:50,000. Katika karatasi za namna hiyo kinamasi huonyeshwa kwa vishungi vya rangi ya buluu. Kwa kuwa nyumba zilizochorwa humo zilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1973 hadi 1976, wako wanaoziona ramani hizo kuwa takataka za kabatini. Wanakosea. Nyumba zimehama, lakini ramani inabaki kuwa shahidi wa mahali maji yalipofika. Kinamasi huliwa kidogo kidogo: mwaka huu mfereji, mwakani jaruba la mpunga. Tukipima kutoka ukingo wa leo, tunamzawadia aliyeusogeza.

Ni kweli kwamba ndege ilipiga picha ya siku moja tu, pengine ya kiangazi. Kwa hiyo wazee wa bonde nao waulizwe. Tena mkulima aliyegawiwa jaruba na serikali ya kijiji si mwizi, na asiondolewe kabla ya kuonyeshwa shamba jingine.

Tunaiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini izitoe karatasi hizo, izitandaze mbele ya wanakijiji, ndipo bikoni ya kwanza isimikwe.