Maumivu ya magoti si adhabu ya uzee

Kila asubuhi kengele ya somo la kwanza inapolia, mwalimu mmoja tunayefundisha naye huchukua vitabu vyake na kuanza kupanda ngazi kuelekea darasa la ghorofani. Safari ambayo wanafunzi huimaliza mbio mbio humchukua yeye dakika kadhaa. Hushika ukuta, hupumzika katikati, kisha hutabasamu ili watoto wasimwonee huruma. Ukimuuliza, jibu lake ni moja tu: “Ni uzee, Mwalimu. Utafanyaje?”

Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipinga leo.

Maradhi yanayomsumbua ni ya kuchakaa kwa viungo, ambayo matabibu huyaita osteoathritisi. Wengi wetu huyachanganya na jongo, au tukayalaumu maji baridi na umande. Ukweli ni kwamba ncha za mifupa inapokutana hufunikwa na gegedu, kitu laini na telezi kinachoizuia mifupa isisagane. Gegedu hilo linapoharibika, kiungo kizima huathirika: mfupa huota vinundu, utando wa ndani huvimba, na misuli inayokishikilia kiungo hudhoofika. Ndiyo maana goti hukakamaa asubuhi, likalegea kidogo mtu anapotembea, kisha likauma tena baada ya kazi za kutwa.

Umri huchangia, lakini haupaswi kubebeshwa lawama zote. Uzito wa mwili kupita kiasi, nasaba, na kazi za kupiga magoti au kubeba mizigo mizito huchangia pia. Hali kadhalika majeraha. Mwanafunzi anayeumia goti uwanjani leo, akalifunga kitambaa na kurudi kucheza kesho, huenda akalilipia deni hilo kabla hajafika umri wa mwalimu wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa wakiishi na maradhi haya, na asilimia 60 kati yao ni wanawake. Haya basi si malalamiko ya wazee wachache wanaoota jua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzangu hakuyaficha, alikwenda kutafuta tiba. Kilichomfika ndicho kinachonitia uchungu. Kwa miaka mingi alinunua tembe za kutuliza maumivu dukani, bila cheti cha daktari, na hakuna aliyemwonya kwamba baadhi ya dawa hizo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo. Siku moja alilazwa hospitalini akitapika damu kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Alipouliza kuhusu goti lake, aliambiwa asubiri hadi litakapoharibika kabisa, ndipo afanyiwe upasuaji. Kati ya tembe na kisu, hakuonyeshwa njia nyingine.

Njia hiyo ipo, nayo ndiyo wataalamu duniani hupendekeza kwanza: kumwelimisha mgonjwa, kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli, na kupunguza uzito kwa aliyenenepa. Msomaji atauliza, mtu anayeumwa afanyeje mazoezi? Swali ni la haki. Hata hivyo, misuli ya paja ndiyo nguzo ya goti; ikilegea, mzigo wote huangukia kiungo. Kuketi kitini na kunyoosha mguu polepole, kuinuka na kuketi tena, kutembea kila siku kwa kadiri ya uwezo: haya hayahitaji mashine wala pesa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Siukatai upasuaji. Kubadilisha kiungo kilichokwisha kabisa kumewarudishia wengi uhai wa kutembea. Lakini upasuaji huo ni ghali, na mfumo wa afya unaongoja magoti yafe ndipo uyatibu utafilisika bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Nazisihi kaunti ziajiri wataalamu wa tiba ya maungo wa kutosha, wasibaki katika hospitali kubwa pekee, bali wafike katika vituo vya afya karibu na wananchi. Aidha, wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa nchini mwaka 2023 hupita nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Je, ni vigumu kiasi gani kumuuliza mama kama anaweza kuinuka kitini bila kushika meza, na kumfundisha mazoezi mawili matatu?

Nasi walimu tuna wajibu. Mwalimu mkuu anaweza kumpangia mwenye maumivu darasa la chini, na kumruhusu kufundisha akiwa ameketi bila kuonekana mvivu. Walimu wa michezo wawafunze vijana kupasha misuli moto kabla ya mchezo, na kuwapumzisha walioumia.

Mwenzangu bado anapanda ngazi zile. Kesho akiniambia ni uzee, sitanyamaza tena.