Darasa la cherehani lianze na vipande

Mama wa miaka 40 anayejiandikisha kwenye darasa la ushonaji huwa na jambo moja kichwani: gauni. Anataka kujua kukata, kuunga mikono na kutia zipu, kisha aanze kupokea vitambaa vya wateja. Walimu wengi humfuata huko huko. Siku za mwanzo hukanyaga cherehani juu ya karatasi bila uzi, halafu hukunja pindo mbili tatu, na kabla mwezi haujakatika amekwisha kushikishwa mkasi mbele ya doti ya kitenge. Kitambaa kikiharibika hasara ni yake, maana ndiye aliyekinunua.

Iko njia iliyo bora, na malighafi yake imejaa sakafuni mwa darasa lilelile. Mabaki ya khanga, vitenge na sare za shule, ambayo mafundi wengi huyafagia au kuyajaza kwenye mito, ndiyo yangepaswa kuwa somo la kwanza. Mwanafunzi aunge vipande kabla hajagusa kitambaa kizima.

Zoezi lenyewe ni mraba wa vipande tisa, yaani mistari mitatu yenye vipande vitatu kila mmoja. Kila kipande hukatwa inchi nne na nusu kwa nne na nusu, kwa kufuata kigezo cha kadibodi na chaki, na kila mshono hula robo inchi ya kipande. Kikiungwa sawasawa, kitu kizima hutoka na inchi 12 na nusu. Sasa mwanafunzi azidishe kila mshono kwa thumuni moja tu ya inchi, upana ambao jicho lisilozoea haliuoni. Mraba wake utatoka na inchi 12 kamili. Miraba saba ya namna hiyo ikipangwa safu moja, zimekwisha potea inchi tatu na nusu, na safu ya jirani iliyoshonwa vizuri haikubali kulingana nayo. Kosa hilohilo kwenye suruali yenye mishono minne kiunoni ni inchi nzima, na mteja hafungi kifungo.

Gauni pana husamehe kosa la aina hii. Vipande havisamehi. Mwalimu akisema, “Mama, fumua urudie,” hahitaji kueleza sana, kwa sababu pembe zilizokataa kukutana zinaonekana hata kutoka mlangoni. Na anayefumua amepoteza uzi wa mkono mmoja na kipande ambacho kingefagiwa.

Pasi nayo hupata heshima yake hapo. Mishono ya mstari wa kwanza hulazwa kulia, ya mstari wa pili kushoto, ya wa tatu kulia tena. Mistari inapowekwa pamoja, vivimbe vya mishono hukabana na pembe hukaa mahali pake. Vitambaa pia hujitambulisha. Khanga mpya nyekundu isipofuliwa kwanza itakitia rangi kipande cheupe kilicho jirani yake. Kitenge chenye wanga hulegea na huenda kikapungua kikiingia majini. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika na kupinda. Mambo haya mtu akiyajifunza kwenye nguo ya mteja, huyalipia.

Pingamizi kubwa haliko kwenye ufundi, liko moyoni. Kwetu kiraka ni dalili ya dhiki, na mama aliyekuja darasani ili aondokane na dhiki anaona anarudishwa kule alikotoka. Hisia hiyo ni ya kweli, lakini inainyima haki kazi kubwa iliyofanywa na wanawake wa asili ya Afrika.

Huko Gee’s Bend, kijiji kilichozungukwa na kona ya mto Alabama nchini Marekani, wajukuu wa watumwa walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shambani. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alichukua nguo za kazi za marehemu akazishona mfarishi, ili ajifunike na kumkumbuka. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa Houston, kisha New York, na mwaka 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Wanawake hao walikuwa na shida, ndiyo. Lakini walipanga rangi kwa jicho ambalo wachoraji waliosoma walilisifu.

Karibu zaidi na sisi ni Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao huanzia pembeni mwa sari kuukuu, hupachika vipande wakizunguka kuelekea katikati, na mshono wa mkono unaokwenda ndani na nje hushika tabaka zote kwa pamoja. Kwenye pembe huweka vipande vilivyokunjwa vinavyoitwa maua. Kazi hii haihitaji cherehani wala meza.

Atauliza mtu: nani wa Tanga au Mombasa atanunua mfarishi wakati wa joto? Si lazima utiwe pamba ndani. Vipande vilivyoungwa na kutiwa bitana nyepesi ni shuka la kitanda, foronya, mkoba, kitambaa cha meza, nguo ya kumbebea mtoto. Na Njombe, Makete, Lushoto na Limuru kuna baridi ya kutosha kumpa mtu sababu ya kutia blanketi kuukuu katikati.

Bei ndiyo inayotaka somo la peke yake. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wenye visa vya Biblia ambao leo umo katika makumbusho ya Smithsonian. Dhiki ilipombana aliuuza kwa dola tano, nusu ya alichokuwa ameomba. Kwa hiyo darasa limfundishe mwanafunzi kuandika saa alizotumia kwenye kila kazi, pamoja na uzi na mkaa wa pasi, kabla hajataja bei kwa mnunuzi. Mfarishi wa kitanda kikubwa hula majuma. Asiyeandika atauza jasho lake bure, na hapo atakuwa na haki ya kuichukia kazi hii.

Tanzania ina Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, na vingi hufundisha ushonaji kwa watu wazima. Huko ndiko pa kuanzia, na gharama yake ni gunia la mabaki kutoka kwa mafundi wa mtaani, kadibodi, rula na pasi. Mtihani wa mwezi wa kwanza uwe mraba wa vipande tisa wenye inchi 12 na nusu kila upande, pembe zote zikiwa zimekutana. Anayeupata akabidhiwe kitambaa cha gauni siku hiyohiyo.