Samaki Si Dawa ya Kila Gugu



Katika skimu nyingi mlikuta mabwawa yaliyochimbwa na Wazungu wenye mashamba ya zamani. Mengine sasa yamefunikwa na magugu hata ng'ombe hudhani ni malisho, akatumbukia. Kwa hiyo wengi hufika dirishani kwetu wakiuliza: Tukichanga fedha tununue samaki wanaokula majani, bwawa litasafika?

Mimi nasema, kwanza tazameni ni gugu gani.

Yuko perege mwenye tumbo jekundu, ambaye wataalamu humwita Coptodon zillii, na zamani walimwita Tilapia zillii. Yeye hula majani laini yaotayo chini ya maji, na kazi hiyo huifanya vizuri. Alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1956. Lakini magugu maji, yale yaeleayo yenye maua ya zambarau, yalipoonekana Naivasha mwaka 1988, perege huyo alikuwamo tayari, na magugu yakaenea vilevile. Majani yake ni magumu, tena husimama juu ya maji, samaki atayafikiaje?

Sisi tukaao Eastlands tunaujua Mto Ngong unaopita karibu na mitaa yetu. Umetoka Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Watu waliendesha mashua pale. Baadaye uchafu wa mji ukaingia, nao ni mbolea, na magugu maji yakalifunika bwawa. Boma lililo ukingoni mwa bwawa lenu hufanya vivyo hivyo kila mvua inyeshapo.

Wengine hutaja yule samaki wa Kichina, mlaji mkubwa wa majani. Msimlete bila kibali! Mwaka 1970 kamba mwekundu wa Marekani alitiwa Naivasha ili avuliwe na kuuzwa. Akala mayungiyungi na mimea ya chini ya maji, ambamo samaki wadogo hujificha.

Na ninyi wa Kinangop, maji yenu ni baridi. Perege hapo hali vizuri wala hazai.

Basi ng'oeni magugu kabla hayajachanua, myaanike mbali na maji, kisha myafanye mboji. Bwawa lizungushiwe ua, na ng'ombe wanyweshwe katika birika lililo chini ya ukuta. Kama majani ya chini ya maji yatabaki, na maji ni ya vuguvugu, ndipo mwite Afisa wa Samaki ayatazame. Fedha za mchango zinunue kwanza nguzo na waya.