Taa za hadhari zikigoma, usianze kwa kununua flasha

Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ufundi, mkazi wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi, ameniandikia barua ndefu kuhusu pikapu ya baba yake, Toyota Hilux iliyoundwa katika miaka ya 1980. Pikapu hiyo ndiyo inayoilisha familia. Mara tatu kwa juma mzee huondoka nyumbani saa saba za usiku kwenda Kinangop kuchukua kabichi na viazi, na kufikia alfajiri huwa amekwisha kurudi sokoni mjini. Mwezi uliopita injini ilizimika ghafla karibu na Kimende, ukungu ukiwa umetanda. Mzee alibonyeza swichi ya taa za hadhari, au hazadi kama wengi tunavyoziita, na hakuna kilichowaka. Ikambidi akate matawi ya miti na kuyatandaza barabarani. Lori moja liliyakanyaga matawi hayo na kuikosa pikapu kwa upana wa mkono.

Tangu usiku huo, asema kijana, fundi wa kwanza amebadilisha flasha mara mbili na taa zingali kiza. Fundi wa pili ameshauri nyaya zote za gari zing'olewe na kutiwa mpya, kwa gharama inayokaribia karo ya muhula mzima. Mama naye amekataa katakata pikapu itoke usiku hadi taa hizo ziwake. "Je, tufanyeje?" auliza kijana.

Kwanza, mwambie mama kwamba hajakosea. Taa za mbele zikifa dereva hujua papo hapo, na breki zikilegea mguu humwambia. Hazadi huweza kukaa imekufa mwaka mzima bila mtu kugundua, kwa kuwa hatuigusi ila tunapokuwa taabani. Pili, msikubali waya hata mmoja ung'olewe kabla ya fundi kuwaonyesha, kwa macho yenu, ni upi ulio mbovu. Kung'oa nyaya zote ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mlango mmoja unakwaruza.

Sasa tuzungumze kuhusu njia ya umeme, kwa maana hapo ndipo penye jibu. Indiketa na hazadi hutumia balbu zile zile, mbili kushoto na mbili kulia, kila moja ya wati 21. Tofauti yao iko kwenye chanzo. Umeme wa indiketa hupita kwenye ufunguo wa gari, ndiyo maana ukichomoa ufunguo indiketa hunyamaza. Umeme wa hazadi hutoka kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake yenyewe, ili gari liweze kuomba msaada hata likiwa limezimwa. Swichi ya hazadi hufanya kazi mbili kwa pamoja: huipokonya flasha umeme wa ufunguo na kuipa ule wa betri, kisha huunganisha upande wa kushoto na wa kulia ili taa zote nne zipepese kwa wakati mmoja.

Ukilishika hilo, swali la kwanza halihusu hazadi hata kidogo. Washa gari, kisha ujaribu indiketa. Je, zinafanya kazi?

Kijana wangu, karibu na mwisho wa barua yako, kana kwamba ni jambo dogo, umeandika kwamba indiketa za pikapu ni nzima pande zote mbili, na kwamba honi iliacha kulia zamani lakini baba hajaijali. Hayo mawili yana thamani kuliko flasha zote mlizonunua. Katika Hilux za miaka hiyo flasha ya indiketa na ya hazadi ni moja. Ikiwa indiketa zinapepesa, basi flasha ni nzima, balbu ni nzima, na nyaya za kwenda mbele na nyuma ni nzima. Yule fundi alikuwa akitibu jino lisilouma. Na honi je? Toyota nyingi za wakati ule ziliunganisha honi na hazadi kwenye fyuzi moja ya ampia 15. Tazama kifuniko cha sanduku la fyuzi, utaona pameandikwa HAZ-HORN. Vitu viwili vinavyokula sahani moja vikifa pamoja, mtu huitazama sahani.

Kwa hiyo chomoa fyuzi hiyo uitazame kwenye mwanga. Utepe wake ukiwa umekatika, huenda umempata mwizi wako. Nasema huenda kwa kuwa fyuzi haikatiki ovyo. Kwa kawaida kuna mahali umeme umepata njia ya mkato, na katika gari lenye umri huo ningeanza kushuku waya wa honi pale mbele karibu na rejeta, ambapo joto na mtikisiko huchubua mpira wake hadi shaba ikagusa bati. Chomoa waya wa honi, tia fyuzi mpya ya ampia 15, kisha uwashe hazadi. Taa zikipepesa na fyuzi ikadumu, kosa liko upande wa honi. Fyuzi ikikatika tena hata kabla hujabonyeza lolote, kuna waya baina ya fyuzi na swichi unaogusa bati, na hapo ndipo pa kumwita fundi wa umeme wa magari, si makanika wa injini.

Nakuonya jambo moja, na wazazi pia walisome. Kamwe usikubali mtu azungushie fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha waya. Nimeona gereji nyingi zikifanya hivyo, na mwenye gari akiondoka akishukuru. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla ya waya kuwaka moto. Ukiizuia isikatike, waya ndio utakaokatika, nao umepita chini ya dashibodi, mbele ya magoti ya baba yako.

Ikiwa fyuzi ni nzima, basi uhitaji taa ya kupimia. Usiende kununua kifaa cha bei. Chukua balbu ndogo ya gari ya volti 12, wati 5, uifunge nyaya mbili. Mmoja ushikishe kwenye bati safi la gari, wa pili ndio wa kugusia. Gusa pande zote mbili za fyuzi, ufunguo ukiwa umechomolewa. Balbu isipowaka upande wowote, umeme haufiki kwenye sanduku la fyuzi. Ukiwaka upande mmoja tu, fyuzi au meno yanayoishika yana kutu. Ikiwaka pande zote, twende kwenye swichi.

Swichi ya hazadi ndiyo mkosaji mkubwa katika magari yaliyozeeka, na sababu yake inachekesha kidogo: inaharibika kwa kutotumiwa. Vile vidole vya shaba vilivyo ndani hufunikwa na vumbi na kutu, umeme ukashindwa kuvuka. Kabla ya kuifungua, ibonyeze na kuiachia mara ishirini hivi kwa mfululizo. Mara nyingi taa huzinduka. Zikizinduka, jua kwamba umepata nafuu, si tiba. Ing'oe swichi, uisafishe, au ununue nyingine katika maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga ukiwa umeibeba ile ya zamani mkononi ili plagi zifanane.

Swichi hiyo ina ujanja mwingine ambao umewapotosha wengi. Kwa kuwa umeme wa indiketa nao hupitia ndani yake, swichi mbovu huweza kuua indiketa huku hazadi ikiendelea kufanya kazi vizuri. Msomaji ambaye hazadi zake zinawaka lakini indiketa zimekufa aanze kwa fyuzi ya indiketa, kisha aende hapo hapo kwenye swichi ya hazadi, asiparamie usukani.

Ikiwa zote mbili zimekufa, sasa ndipo flasha inaposhukiwa kwa haki. Katika magari ya Kijapani, flasha ya miguu mitatu huwa na herufi B, L na E: B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni waya wa bodi. Zile za mtindo wa Kijerumani huandikwa 49, 49a na 31, maana ikiwa ile ile. Ichomoe, washa hazadi, halafu uunganishe tundu la B na la L kwa kipande kifupi cha waya. Taa zote nne zikiwaka bila kupepesa, nyaya zako ni nzima na flasha ndiyo iliyokufa, au waya wake wa E umelegea. Zisipowaka, usinunue flasha; umeme haufiki hapo. Jaribio hilo halichukui hata dakika tano, na lingewaokolea bei ya flasha mbili. Tahadhari kwa wenye Datsun na magari mengine kadhaa ya zamani: huenda likawa na flasha mbili, moja ya indiketa na nyingine ya hazadi, kwa hiyo hesabu ya indiketa nzima haithibitishi kwamba flasha ya hazadi ni nzima.

Nyuma ya pikapu kuna mambo yake. Saluni hulinda taa zake za nyuma ndani ya buti; pikapu huziacha nje zipigwe na matope, mvua, na magunia ya kila aina. Nyaya hupita chini ya kitanda cha mizigo, na waya wa bodi, ule ambao mafundi huuita athi, hufungwa kwa skrubu kwenye bati lenye kutu. Athi ikilegea taa hufanya vituko: unakanyaga breki na indiketa inamulika kwa unyonge, au unawasha hazadi na taa ndogo za nyuma zinapepesa nazo. Wengi hudhani kuna nyaya zilizochanganyika. Umeme umekosa njia ya kurudi nyumbani, basi unapitia kwa jirani. Fungua skrubu hiyo, sugua bati kwa msasa hadi ling'are, kaza tena, upake mafuta mazito kuzuia kutu. Ukiwa hapo, tazama kama kuna mtu aliyelazimisha balbu ya ncha mbili, ile ya breki na taa ndogo, ndani ya tundu la balbu ya ncha moja. Hilo nalo huleta vituko vile vile.

Siku hizi kuna kisa kipya. Vijana wanang'oa balbu za kawaida na kutia za LED kwa sababu zinang'aa zaidi. Balbu hizo hutumia umeme mdogo sana, na flasha ya zamani hutegemea umeme mwingi upite ndani yake ndipo ipate joto na kukata. Ukiipa LED, taa huweza kuwaka tu zisipepese; flasha nyingine za kielektroniki hudhani balbu imeungua zikapepesa mbiombio. Mpepeso wa kawaida ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Unataka LED? Nunua flasha iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na ikiwa hazadi huwaka zenyewe usiku, ulizeni kwanza kama gari lilitiwa king'ora cha kuzuia wezi, kwani mafundi wa ving'ora hujiunga kwenye nyaya za indiketa, mara nyingi kwa kuzisokota tu na kuzifunga utepe.

Baba pia ajue mpaka wa msaada wa hazadi. Balbu nne za wati 21 ni wati 84, yaani ampia 7 hivi zinapowaka. Kwa kuwa nusu ya muda zimezima, betri hupoteza karibu ampia tatu na nusu kila saa. Betri mpya ya ampia 60 kwa saa ingeweza kuhimili usiku mzima. Betri kuukuu iliyobakiwa na theluthi ya nguvu itanyong'onyea baada ya saa nne au tano, na ikiwa kilichoizimisha pikapu ni betri yenyewe, hakuna hazadi. Kwa hiyo pembetatu nyekundu ambazo sheria ya trafiki inataka zibebwe zisiachwe nyumbani. Aiweke moja angalau hatua hamsini nyuma ya gari, mbali zaidi ikiwa kuna kona au mteremko. Matawi nayaelewa, wengi wetu tumekua tukiyaona, lakini tawi halimuliki gizani. Isitoshe, watu huyaacha barabarani wanapoondoka, yakawa hatari kwa mwingine.

Nina nafasi ya barua moja fupi. Mama mmoja wa Naivasha auliza kama ni sawa kuendesha gari huku hazadi zikiwaka anapopita kwenye ukungu wa Kinungi. Hapana, mama. Hazadi humwambia aliye nyuma kwamba umesimama, naye huenda akaamua kukupita pahali pasipofaa. Tena zikiwaka, huwezi kumwonyesha kwamba unakata kona. Washa taa za mbele za chini, punguza mwendo, uziache hazadi hadi utakapolazimika kusimama au kutambaa kando ya barabara. Na wale wanaoziwasha kwenye mzunguko kuonyesha kwamba wanakwenda moja kwa moja, hiyo si ishara inayojulikana na sheria yoyote. Anayekutazama kutoka upande huona indiketa moja tu, na ataamini unakata.