Mhudumu wa Mkahawa Aliyewabwaga Wanaume

Hebu, mpenzi msomaji, mfikirie msichana ambaye hajatimiza miaka 20. Mumewe amemtoroka akiwa na mimba. Amerudi kwa mamake, na kutwa kucha anabeba sahani na kupangusa meza katika mkahawa ambao mama mtu anauendesha. Huko nje mambo ni magumu, watu wamefutwa kazi kwa maelfu. Siku moja msichana huyo anamwendea mteja mmoja, mwanamume wa umri wa kuweza kumzaa, na kumwomba amfundishe mieleka.

Ungekuwa wewe ndiye mama, ungemjibuje?

Hiki si kisa cha kubuni. Msichana huyo aliitwa Mildred Bliss. Alizaliwa tarehe 5 Agosti 1915 huko Coffeyville katika jimbo la Kansas, Marekani, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Shule aliiacha mapema, na alipokuwa na miaka 15 tayari alikuwa mhudumu wa mkahawa mbali na kwao, huko Gallup, New Mexico. Akaolewa kijana, wakahamia Kansas City, na ni huyo mume wa kwanza aliyempeleka kutazama mieleka kwa mara ya kwanza. Ndoa haikudumu. Lakini yale aliyoyaona ulingoni usiku ule hayakumtoka akilini.

Mteja niliyemtaja alikuwa Billy Wolfe, mpiganaji mieleka wa zamani aliyezaliwa mwaka 1896. Mpige hesabu mwenyewe: alimzidi Mildred kwa miaka 19. Wolfe hakutaka kusikia habari za kumfundisha. Msichana alikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 2 tu, na kwa macho ya Wolfe hapo hapakuwa na mpiganaji. Mildred naye hakukoma kuomba.

Basi Wolfe akaamua kuitafutia kero hiyo dawa. Alimwagiza kijana mmoja wa kiume, naye mpiganaji, amnyanyue Mildred na kumbwaga kwa kishindo ili aumie kidogo, akome, arudi kwa sahani zake. Yaliyotokea ni kinyume. Mildred ndiye aliyemnyanyua kijana yule, akamgeuza hewani na kumlaza chali. Kuanzia siku hiyo Wolfe akawa mwalimu wake, akambadilisha jina na kumwita Mildred Burke.

Niruhusu hapa, msomaji, nieleze jambo moja kwa ajili ya wale ambao mieleka wanaipisha tu kwenye runinga watoto wakiitazama. Mieleka ya kulipwa, ile ya majina ya kutisha na mikanda inayometameta, mshindi wake hupangwa kabla ya pambano. Maumivu ni ya kweli, na ustadi ni wa kweli, lakini tamati inajulikana. Sasa kazi ya kwanza ya Mildred haikuwa na mpango wa aina hiyo, nayo ndiyo sehemu ya maisha yake inayonishangaza kuliko mikanda yote aliyovaa baadaye.

Mwaka 1935 alianza kuzunguka na maonyesho ya mahema, yale yanayokita katika mji mmoja siku chache kisha yakafungasha virago kwenda mji mwingine. Nje ya hema husimama mpiga debe akiwachokoza vijana wa mji. Je, hamna mwanamume hapa? Mnamwogopa msichana huyu? Atakayeyabana mabega yake sakafuni kabla ya dakika 10 kwisha ataondoka na dola 25! Nyakati hizo dola 25 zilipita mshahara wa wiki nzima wa mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani. Usishangae, basi, kwamba wenye kujitokeza hawakukosekana: vijana wa mashambani, vibarua, wenye misuli iliyojengwa kwa jembe na gunia.

Nao walikuja kwa nia mbili. Ya kwanza ni pesa. Ya pili ni kutoaibika mbele ya majirani zao. Mwanamume anayepigana ili asichekwe na mchumba wake ni hatari kuliko mpiganaji aliyesomea, kwa sababu hajui alegeze wapi. Hakuna aliyemwambia aanguke dakika ya saba.

Mildred alikuwa na uzito wa pauni 138, yaani kama kilo 62 na ushei. Alichokuwa nacho ni miguu na kiuno chenye nguvu ajabu, pamoja na mafunzo. Mtu asiyefunzwa hupigana kwa mikono na kifua. Baada ya dakika tatu au nne pumzi zimemwishia, na huo ndio wakati anapoweza kukamatwa mguu, kuvutwa na kupinduliwa. Akibanwa chini, aliyefunzwa hukunja mgongo kama upinde, uzito ukabaki kwenye nyayo na kichwa, mabega yasiguse sakafu. Akumbuke tu kwamba hana haja ya kushinda. Dakika 10 zikipita, dola 25 zinabaki hemani.

Inasimuliwa kwamba kwa jumla alipambana na wanaume zaidi ya 200 na kushindwa na mmoja tu. Hesabu za wafanya maonyesho huwa na chumvi, na mimi sitakuapia. Lakini hata ukizigawanya kwa mbili, bado zinabaki za kustaajabisha.

Januari 1937, akiwa na miaka 21, alimshinda Clara Mortensen, aliyekuwa akijulikana kama bingwa wa dunia wa wanawake. Hapo mahema yakabaki nyuma, zikaja kumbi, magazeti, joho jeupe na vito. Hata hivyo milango haikufunguka yote. Katika jimbo la New York, kwa mfano, mieleka ya wanawake ilipigwa marufuku hadi mwaka 1972.

Sasa tuje kwa lile ambalo wasomaji wa kike watakuwa wameshaanza kulinusa. Billy Wolfe hakubaki mwalimu tu. Alikuwa pia meneja, na punde si punde akawa mume. Yeye ndiye aliyepanga mapambano, aliyezungumza na wenye kumbi na aliyepokea pesa. Mildred alibwaga, Wolfe akahesabu. Wapiganaji wengine wa kike walipoongezeka, nao waliingia chini ya mkono wake, na uhusiano wake na baadhi yao haukuwa wa kikazi pekee. Mkewe alijua. Alipigwa pia, na mkono ule ule uliomfunza.

Utauliza: mwanamke anayeweza kumnyanyua mwanamume mzima na kumbwaga, anapigwaje nyumbani? Swali hilo nimelisikia likiulizwa hata hapa kwetu, kuhusu askari wa kike na walimu wakuu, kana kwamba misuli au cheo ni dawa ya jambo hilo. Mwenye ufunguo wa kila ukumbi alikuwa Wolfe. Kumwacha mume kulikuwa ni kuacha kazi, na kuacha kazi kulikuwa ni kurudi kufuta meza, safari hii akiwa na jina ambalo nchi nzima inalijua. Haikuwa nguvu iliyomkosa Mildred. Alikosa sahihi yake kwenye mkataba.

Waliachana mapema miaka ya 50. Tarehe 20 Agosti 1954, huko Atlanta, Mildred aliingia ulingoni dhidi ya June Byers, mke wa mwana wa Wolfe. Pambano hilo halikupangwa tamati. Lilikuwa la kweli. Byers alipata pointi ya kwanza, na kabla ya kupatikana nyingine pambano likasimamishwa. Kila upande ulidai ubingwa, lakini wengi wa wenye kumbi walimfuata Byers.

Mildred alianzisha chama chake mwenyewe. Novemba mwaka huo huo wa 1954 alisafiri hadi Japani na wenzake wa kike, wakapigana mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona jambo kama hilo. Baada yao, Wajapani wakaanzisha vikundi vyao vya wanawake. Mkanda wa chama cha Mildred, uitwao WWWA, ndio uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote katika kampuni kuu ya mieleka ya wanawake nchini humo, ukashindaniwa kwa zaidi ya miaka 30. Mildred mwenyewe alifariki Februari 1989, wasichana wa Kijapani wakiwa bado wanaugombania.