Bosnia: Mdhamini Huyu Ataondoka Lini?

Iko nchi moja ya Ulaya, mwanachama wa Umoja wa Mataifa tangu Mei 1992, ambayo kwa miaka karibu thelathini imekuwa chini ya bwana asiyechaguliwa na raia wake hata mmoja. Bwana huyo amepewa uwezo wa kutunga sheria pasipo bunge, kufuta sheria iliyotungwa na bunge, na kumfukuza kazi ofisa yeyote wa umma, kuanzia mkuu wa polisi wa mji mdogo hadi mjumbe wa Urais. Nchi hiyo ni Bosnia na Herzegovina, na cheo cha bwana huyo ni Mwakilishi Mkuu. Wa kwanza alikuwa Msweden. Wakafuata Mhispania, Mwaustria, Mwingereza, Mjerumani, Mslovakia na Mwaustria wa pili. Na mwezi Agosti 2021 akaingia Mjerumani wa pili, Christian Schmidt. Mwananchi wa Bosnia hajapata kukishika cheo hicho, wala hakikuundwa kwa ajili yake.

Watetezi wa utaratibu huu wanatuambia kwamba watu wa Bosnia bado hawajakomaa. Wanasema kuwa viongozi wao ni wakabila na wala rushwa, kuwa bila mlezi watarudi vitani, na kuwa mlezi huyo ndiye anayewashika mkono kuwaingiza katika Umoja wa Ulaya. Hoja hiyo yafaa ijibiwe na watu wanaoijua lugha yake, na sisi tunaijua. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini hadi mwaka 1961, na neno hilo la "bado" wazee wetu walilisikia mpaka masikio yakawauma.

Kwanza tuwape haki yao. Vita vya 1992 hadi 1995 viliua watu wapatao 100,000 na kuwafukuza makwao wapatao milioni mbili, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 4.4. Sarajevo ilizingirwa kwa siku zaidi ya 1,400. Huko Srebrenica, mwezi Julai 1995, wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa katika eneo ambalo Umoja wa Mataifa ulikuwa umelitangaza kuwa salama. Mtu asiyeyakumbuka hayo hana ruhusa ya kuizungumzia Bosnia. Amani ilipatikana Novemba 1995 katika kambi ya jeshi la anga la Marekani karibu na mji wa Dayton, na ikatiwa saini Paris tarehe 14 Desemba. Mitutu ilinyamaza. Hilo si jambo dogo.

Lakini Dayton haikuleta amani peke yake. Katiba ya nchi ni kiambatisho cha nne cha mkataba huo. Iliandikwa kwa Kiingereza, na wananchi hawakuipigia kura. Iliigawa nchi katika sehemu mbili, Shirikisho la Wabosniaki na Wakroatia lenye asilimia 51 ya ardhi, na Republika Srpska ya Waserbia yenye asilimia 49. Na Shirikisho nalo lina majimbo kumi, kila moja na serikali yake na mawaziri wake. Juu ya jengo hilo akawekwa Mwakilishi Mkuu kwa kiambatisho cha kumi. Alipoonekana hana meno, nchi na mashirika yanayojiita Baraza la Kutekeleza Amani yalikutana Bonn, Desemba 1997, yakamtia meno. Hayo ndiyo "madaraka ya Bonn". Bunge la Bosnia halikuulizwa.

Meno hayo mwanzoni yalitafuna mambo mema. Kabla ya 1998, namba ya gari ilitosha kumtangaza dereva kuwa ni wa upande gani, na hivyo kumtia hatarini akivuka mpaka wa ndani. Zikatolewa namba mpya zenye herufi zile tu zinazofanana katika alfabeti ya Kilatini na ile ya Kisirili, na watu wakaanza kutembea. Wabunge waliposhindwa kukubaliana juu ya bendera, Carlos Westendorp aliwachagulia: pembetatu ya njano juu ya buluu, na nyota zinazofanana sana na zile za Ulaya. Wimbo wa taifa ukapatikana, nao mpaka leo hauna maneno rasmi. Maelfu kwa maelfu ya familia zilirudishiwa nyumba zilizoporwa, kwa sheria zilizolazimishwa na ofisi hiyohiyo. Daktari aliyemfunga mgonjwa bendeji hana kosa. Kosa linaanza pale anapohamia nyumbani kwa mgonjwa.

Tarehe 30 Juni 2004, Mwakilishi Mkuu wa wakati huo, Mwingereza Paddy Ashdown, aliwafukuza kazi kwa siku moja maofisa wapatao 60 wa Republika Srpska, kwa sababu watuhumiwa wa vita, hasa Radovan Karadžić, walikuwa hawajakamatwa. Inawezekana wengi wao walistahili. Lakini nani alithibitisha? Hapakuwa na kikao cha nidhamu, hapakuwa na shahidi, hapakuwa na rufani. Mtumishi wa serikali anayesoma makala haya na ajiweke mahali pa hao 60. Mwaka uliofuata Tume ya Venice ya Baraza la Ulaya, ambayo ni wanasheria wa Ulaya wenyewe, ilisema kwamba kuwafukuza watu namna hiyo, bila utaratibu wa haki na bila mahakama ya kuupitia uamuzi, hakupatani na demokrasia. Watu wawili waliofukuzwa mwaka huo wa 2004 wakaenda katika Mahakama ya Katiba ya Bosnia, ambayo majaji wake watatu kati ya tisa huteuliwa na Rais wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Julai 2006 mahakama hiyo ikaamua kwamba wamenyimwa haki ya kupata nafuu kisheria.

Je, mlezi aliyekuja kufundisha utawala wa sheria alifanya nini? Machi 2007 alitoa amri kwamba hakuna mahakama nchini inayoweza kupokea shauri la kupinga uamuzi wowote wa Mwakilishi Mkuu. Basi!

Linganisha na jambo tulilo nalo karibu. Karadžić alikamatwa 2008 na jenerali wake Ratko Mladić 2011. Rufani zao zilimalizwa 2019 na 2021 na chombo cha Umoja wa Mataifa chenye matawi mawili, moja The Hague na la pili hapa kwetu Arusha. Watu hao, ambao mikono yao ina damu ya Srebrenica, walipewa hati za mashtaka, mawakili, miaka ya kusikilizwa, na rufani, kisha wakafungwa maisha. Hivyo ndivyo ilivyopasa. Lakini ofisa wa umma aliyepoteza kazi kwa saini moja alipata haki pungufu kuliko Mladić, na saini hiyo ilitiwa kwa jina la haki.

Sasa turudi kwenye udhamini. Udhamini wa Tanganyika ulikuwa ukoloni uliovaa kanzu ya Umoja wa Mataifa, na hatuna sababu ya kuusifu. Hata hivyo hati yake ilitaja mwisho wa safari, yaani kujitawala au uhuru. Wajumbe wa Baraza la Udhamini walikuja kutukagua kila baada ya miaka mitatu tangu 1948, na mwananchi aliweza kumshtaki mdhamini mbele yao. Wameru waliponyang'anywa ardhi, Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile, lakini Waingereza walilazimika kukaa na kujibu. Mwalimu Nyerere naye alikwenda mwaka 1955. Mwananchi wa Sarajevo au Banja Luka amshtaki wapi Mwakilishi Mkuu? Yeye hutoa taarifa zake kwa Baraza la Usalama na kwa mabalozi wa nchi zilizomweka. Anawaambia wakubwa zake jinsi watoto walivyo watundu, na watoto hawaitwi kutoa ushahidi. Masharti ya kuifunga ofisi hiyo yalitajwa Februari 2008, lakini anayepima kama yametimizwa ni haohao walioiweka. Mtihani ambao mtunzi, msimamizi na msahihishaji ni mtu mmoja, na tarehe ya matokeo haijatajwa, walimu wetu wangeuitaje?

Wapo watakaosema kwamba tunamtetea Milorad Dodik, yule bwana wa Republika Srpska anayetishia kila mara kuigawa nchi na anayekana mauaji ya kimbari ya Srebrenica. Sivyo kabisa. Dodik ni tunda la bustani hii. Alipopata uwaziri mkuu kwa mara ya kwanza mwaka 1998 alipokelewa na wakubwa wa Magharibi kama mtu wao, wa kuwazimisha wafuasi wa Karadžić. Baadaye akagundua siri inayojulikana na kila mwanasiasa wa huko, awe Mserbia, Mkroatia au Mbosniaki, kwamba chini ya mlezi hakuna anayeulizwa kazi yake. Jambo gumu, mwachie mgeni. Akiliamua, mlaani mbele ya wapiga kura. Asipoliamua, mlaumu kwa uzembe. Kwa vyovyote mshahara unaingia. Juni 2023 bunge la Dodik lilipitisha sheria za kuzipuuza amri za Mwakilishi Mkuu na maamuzi ya Mahakama ya Katiba. Julai, Schmidt akazifuta, na kwa kalamu yake akaongeza katika sheria ya jinai kosa la kutotii amri zake. Kwa kosa hilo Dodik alihukumiwa Februari 2025, na rufani yake ikatupwa Agosti: miaka sita nje ya siasa. Novemba mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi wa kujaza kiti chake, na mgombea wa chama chake akaongoza. Mtu ambaye angeweza kuulizwa habari za rushwa na umaskini wa watu wake akapewa bure joho la shujaa anayeonewa na wageni.

Na hiyo safari ya Ulaya imefika wapi? Mkataba wa ushirikiano ulitiwa saini 2008. Maombi ya uanachama yakapelekwa Februari 2016, hadhi ya mgombea ikatolewa Desemba 2022, na Machi 2024 wakuu wa Ulaya wakakubali mazungumzo yafunguliwe. Njiani Bosnia iliambiwa iunganishe polisi wake kwa mtindo wa Ulaya, na miaka minne ikaliwa na ugomvi huo, ingawa Ujerumani yenyewe ina polisi wa kila jimbo na hakuna aliyeifukuza katika Umoja huo. Jambo la ajabu zaidi limo katika maoni ya Tume ya Ulaya ya Mei 2019: usimamizi mpana wa kimataifa haupatani, kwa kanuni, na mamlaka kamili ya nchi, na kwa hiyo haupatani na uanachama. Maana yake ni kwamba anayesemwa kuwa ndiye ngazi ya kupandia ni lazima aondoke kwanza mlangoni. Pamoja na hayo, usiku wa uchaguzi wa tarehe 2 Oktoba 2022, vituo vilipokuwa vimefungwa hivi punde, Schmidt alibadili sheria ya uchaguzi na katiba ya Shirikisho. Na Aprili 2023 aliisimamisha katiba hiyo kwa siku moja ili serikali ipatikane. Katiba inayoweza kupumzishwa siku moja kama mtumishi mwenye homa si katiba ya kumfundishia mtu uraia.

Wananchi wenyewe hawakulala. Februari 2014 wafanyakazi wa Tuzla, ambao viwanda vyao vilikuwa vimeuzwa na kufilisiwa, waliingia barabarani. Serikali kadhaa za majimbo zikajiuzulu, na watu wakakaa katika mikutano ya hadhara kujadili mishahara na marupurupu ya wakubwa. Hawakuuliza nani Mserbia na nani Mkroatia. Mwakilishi Mkuu wa wakati huo, Valentin Inzko, aliliambia gazeti moja la kwao Austria kwamba hali ikizidi huenda ikabidi kufikiria majeshi ya Ulaya.

Walimu, sikilizeni hili la Jajce. Katika baadhi ya majimbo ya Shirikisho zimekuwako shule zinazoitwa "shule mbili chini ya paa moja": watoto wa Kibosniaki na wa Kikroatia katika jengo moja, lakini milango mbalimbali au zamu mbalimbali, na kila upande na muhtasari wake wa masomo. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilitaka kuwatenga namna hiyo wanafunzi wa sekondari wa Jajce waliokuwa wakisoma pamoja. Wanafunzi wakakataa. Waliandamana, Wabosniaki na Wakroatia bega kwa bega, na Juni 2017 serikali ikalirudisha nyuma shauri lake. Vijana wale hawakuwa na madaraka ya Bonn.

Na wako wale ambao hata Bonn haikuwagusa. Katiba ya Dayton inasema Urais ni wa Mbosniaki mmoja, Mkroatia mmoja na Mserbia mmoja. Dervo Sejdić ni Mroma. Jakob Finci ni Myahudi, na aliwahi kufaa kuwa balozi wa nchi yake Uswisi, lakini hakufaa kugombea Urais wake. Walishinda kesi Strasbourg tarehe 22 Desemba 2009. Amri za kufukuza watu zimetoka, amri za namba za magari zimetoka, katiba ya Shirikisho imebadilishwa usiku. Lakini ubaguzi huu umo katika waraka uleule ambao Mwakilishi Mkuu amewekwa kuulinda. Tangu hukumu hiyo Bosnia imefanya chaguzi kuu mwaka 2010, 2014, 2018 na 2022, na katika zote nne Sejdić na Finci hawakuruhusiwa kuwa wagombea.