Mbwa Hakuomba Kwenda Malta

Mwanafunzi wangu wa zamani aishiye Ujerumani alinipasha kwamba angempeleka mbwa wake likizoni kisiwani Malta, mwezi wa Agosti. Nilimshauri amwache nyumbani.

Sheria za kuingia kisiwani humo zachosha: sharti mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa, tena apewe dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuwasili. Hayo yavumilika. Joto, ambalo hupita nyuzi 30, ni jambo jingine, kwani mbwa hupoa kwa kuhema, hatoki jasho kama sisi.

Baya zaidi ni usubi. Mdudu huyo, aumaye tangu machweo hadi alfajiri, humwambukiza mbwa vimelea vya jamii ile ile isababishayo kala-azar kwetu Baringo. Mbwa aweza kukaa miezi, hata miaka, bila dalili. Na ajapotibiwa, ni nadra vimelea kumtoka kabisa.

Ndipo niulizapo: safari hii ni ya nani? Ampendaye mnyama hutazama kwanza maslahi ya mnyama, ndipo atazame raha yake mwenyewe.